Geji inapodanganya: kufuatilia usomaji usioeleweka kwenye gari la michezo lililoongezwa nguvu

Turbo imefungwa, injekta kubwa zimeingia, geji tatu mpya zimepangwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Gari linawashwa, na geji ya hewa na mafuta inasema 17. Wengi hapo hukimbilia kompyuta ya injini na kuanza kuongeza petroli. Naomba usifanye hivyo. Kabla ya kuiuliza injini ina nini, iulize geji hiyo namba imeitoa wapi.

Kutoka kwenye gesi iliyomo ndani ya bomba hadi namba unayoisoma kuna safari ndefu: ncha ya sensa ya oksijeni, waya, kontrola (kisanduku kinachoiendesha sensa), ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kisha hesabu ya kugeuza volti kuwa namba. Kila kituo kinaweza kupotosha. Nimeona injini nzima kabisa ikimwagiwa petroli mpaka oili yake ikanuka petroli, kumbe gasketi ya ekzosi ndiyo ilikuwa inavuja. Nimeona pia pistoni iliyotoboka huku geji ikionyesha namba nzuri mpaka dakika ya mwisho. Hiyo ya pili ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu. Makosa mengi ya aina hii huanza siku ya kununua, kwa hiyo kila tunapokuta dalili nitataja pia sensa au geji ambayo ingekuepusha nayo.

Tukubaliane maneno kwanza. Mchanganyiko mzito una petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuchoma. Mwepesi una petroli kidogo. Kwa petroli ya kawaida, uwiano unaochoma vyote bila kubaki ni takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, na hapo ndipo lamda, yaani uwiano ulionao ukigawanywa kwa uwiano huo kamili, inakuwa 1.00. Namba ikishuka chini ya hapo ni mzito, ikipanda ni mwepesi.

Namba au taa zinarukaruka muda wote

Geji ya taa za rangi inacheza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa kwa sekunde gari likitembea kwa mwendo wa kawaida. Hakuna kilichoharibika. Umenunua geji inayosoma sensa ya wigo finyu, ile iliyokuja na gari.

Sensa hiyo hutoa karibu volti 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi na karibu 0.9 ukiwa mzito, na hugeuka ghafla kwenye 0.45, pale pale lamda 1.00. Kompyuta ya injini huitumia kama mtu anayepapasa ukingo wa meza gizani: huongeza petroli kidogo, hupunguza kidogo, hutafuta ukingo. Kurukaruka kwa taa ndiko huko kupapasa. Ukikanyaga mguu chini kabisa, ambapo injini ya turbo inahitaji lamda kama 0.78 hadi 0.82, volti inaganda karibu na 0.9, na tofauti iliyopo kati ya mchanganyiko salama na usio salama inamezwa na mabadiliko ya joto la sensa yenyewe. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, geji hiyo ni pambo. Nunua ya wigo mpana, inayopima uwiano wenyewe badala ya kusema mzito au mwepesi tu, yenye kontrola yake.

Kama tayari una ya wigo mpana na bado inarukaruka, tazama kontrola kabla ya injini. Plagi ya waya iliyolegea, ethi mbovu, au waya wa mawimbi (unaobeba usomaji) uliofungwa pamoja na nyaya za koili huleta kelele za aina hii. Tenganisha waya huo na nyaya za koili, kisha jaribu tena.

Mwepesi ikiwa sailensa, sawa ukikanyaga

Nasema sailensa kwa maana ya injini kunguruma yenyewe bila mguu kwenye pedali. Hapo geji inasema 16, 17, wakati mwingine zaidi, lakini barabarani kwenye mzigo inarudi namba unazozitarajia. Mtindo huo wenyewe unaelekeza kidole.

Chanzo cha kwanza kabisa ni uvujaji wa ekzosi kabla ya sensa. Moshi hautoki kwenye bomba kwa mkondo ulionyooka. Hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo shinikizo hushuka na bomba linavuta hewa ya nje kupitia ufa. Sensa inaona oksijeni na kuripoti mwepesi. Kwenye mzigo shinikizo ndani ya bomba ni kubwa muda wote, uvujaji unasukuma nje badala ya kuvuta ndani, na namba inanyooka. Tafuta ufa injini ikiwa baridi: ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache injini ikiwa imewashwa, sikiliza kufoka, pitisha maji ya sabuni kwenye viungo. Hasa kagua pale ulipochomelea kikalio cha sensa. Mshono uliotobolewa na tundu dogo la sindano unatosha kuharibu usomaji, kwa sababu uko sentimita mbili tu kutoka kwenye ncha.

Chanzo cha pili ni silinda inayomisi. Hili huwachanganya hata mafundi wazoefu. Petroli isipochomwa, oksijeni yake nayo haijatumika, na sensa hupima kwa oksijeni. Silinda iliyofurika petroli hadi plagi ikalowa itaonyesha mwepesi. Ukijibu kwa kuongeza petroli, unaizamisha zaidi. Toa plagi uzitazame: plagi nyeusi iliyolowa pamoja na geji inayosema mwepesi maana yake ni cheche, na tiba iko kwenye koili, plagi au nafasi ya plagi.

Kemshafti kali nayo huleta dalili hii bila kosa lolote, kwa kuwa vali za kuingiza na za kutoa hubaki wazi kwa pamoja muda mrefu na hewa mbichi hupita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi. Vivyo hivyo bomba fupi lililokatwa karibu na sensa: hewa ya nje hurudi kinyumenyume kupitia mdomo. Katika hali hizi mbili acha kutafuta namba nzuri ya sailensa. Tyuni kwa jinsi injini inavyotulia na inavyoitikia, na utegemee geji kwenye mzigo.

Kuna moja si tatizo kabisa. Ukiachia mguu kwenye mwendo, kompyuta hukata petroli na geji hukimbilia mwisho wa upande mwepesi. Huko sensa inaonja hewa tupu. Ikifanya hivyo kila mara na kurudi haraka, ni ushahidi mzuri kwamba sensa bado iko hai.

Geji inasema hivi, kompyuta inasema vile

Hapa ndipo injini nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kontrola nyingi zina waya wa kupeleka volti kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta hugeuza volti kuwa uwiano. Kila mtengenezaji ana mstari wake wa kugeuza. Kontrola za AEM za X-Series huanzia volti 0.5 kwa 8.5 na kufika 4.5 kwa 18.0, yaani zidisha volti kwa 2.375 kisha ongeza 7.3125. Innovate, kwa mpangilio wake wa kiwandani, huweka volti 0 kuwa 7.35 na volti 5 kuwa 22.39. Geji za zamani za AEM zilikuwa volti mara mbili, ongeza 10. Chukua volti 2.5 uone: kwenye mstari wa kwanza ni 13.25, wa pili 14.87, wa tatu 15.0. Volti ni ileile moja, na tafsiri zake zinatofautiana kiasi cha kuua injini. Mtu akibadilisha kontrola na kusahau kubadilisha mstari kwenye programu, geji iliyo mbele yake itasema kweli na rekodi anayotumia kutyuni itasema uongo.

Basi jambo la kwanza ni kufungua kitabu cha kontrola na kulinganisha mstari wake na ule ulioandikwa kwenye programu. Fanya hivyo kwa namba mbili zilizo mbali, kwa sababu mistari miwili mibaya inaweza kukutana mahali pamoja na kukuridhisha bure.

Mstari ukiwa sahihi na tofauti bado ipo, shuku ethi. Kipashajoto cha sensa huvuta ampea kadhaa, hasa wakati wa kupasha. Mkondo huo ukirudi kwenye betri kupitia waya mwembamba au bolti yenye kutu na rangi, ethi ya kontrola inainuka juu ya ethi ya kompyuta. Tuseme imeinuka kwa volti 0.15. Kompyuta itaona volti 0.15 zaidi ya zilizotumwa, na kwa mstari wa Innovate, ambao kila volti moja ni karibu 3.0 za uwiano, 12.0 ya kweli itasomeka kama 12.45. Hapo utaongeza petroli bila sababu, utapoteza nguvu, lakini injini itabaki. Ikiwa ethi ya kompyuta ndiyo iliyoinuka, mambo yanageuka: 12.0 inasomeka 11.55, unapunguza petroli ili urudi 12.0, na kumbe umeshapeleka injini upande mwepesi chini ya shinikizo la turbo. Nokingi, yaani mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda, haikawii kufuata.

Kupima ni rahisi. Washa injini, washa taa zote na feni. Weka mita ya volti, waya mmoja kwenye ethi ya kontrola na mwingine kwenye ethi ya kompyuta ya injini. Ukiona zaidi ya volti 0.05, kuna la kurekebisha. Kisha pima waya wa mawimbi dhidi ya ethi ya kompyuta huku mwenzako akisoma geji kwa sauti. Geji ikisema 14.7, mstari wa AEM wa X-Series unatakiwa kutoa karibu volti 3.11, na wa Innovate karibu 2.44. Tiba ni kupeleka ethi ya kontrola mahali palepale kompyuta ya injini inapochukulia ethi yake. Usiitoe kwenye bodi chini ya dashibodi, wala kwenye waya wa redio.

Kama bado hujanunua, nenda kwenye kontrola inayoongea na kompyuta kwa njia ya kidijitali ya CAN, ikiwa kompyuta yako inaipokea. Namba ikisafiri kama ujumbe badala ya volti, matatizo yote mawili, ya mstari na ya ethi iliyoinuka, yanaondoka kwa mpigo mmoja. Kwa maoni yangu hicho ndicho kigezo chenye uzito kuliko ukubwa wa kioo, rangi ya mwanga au umbo la sindano.

Tofauti ya aina ya tatu hutokana na mafuta yenyewe. Sensa haijui unachoma nini; inapima lamda, na geji huzidisha kwa 14.7 kwa kudhani ni petroli. Ukijaza E85, mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, uwiano wake kamili ni karibu 9.8, lakini geji itaendelea kuonyesha 14.7 pale lamda ikiwa 1.00. Lamda 0.80 ni 11.8 kwenye petroli na 7.8 kwenye E85. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kumbe mmoja amegeuza mpangilio wa geji na mwingine hajagusa. Weka geji na kompyuta zote kwenye lamda. Namba zinakuwa zilezile kwa mafuta yoyote, na kichwa kinapumzika.

Sensa inakufa kila baada ya miezi michache

Sensa mbili zikifa mfululizo, usinunue ya tatu kabla ya kujua muuaji.

Muuaji mkubwa ni mahali ilipofungwa. Ikiwa karibu mno na turbo au manifoldi, inachomeka: kwa LSU 4.9, sensa yake ya wigo mpana, Bosch huweka kikomo cha joto la gesi kuwa nyuzi 930 za Selsiasi kwa matumizi ya muda wote. Ikiwekwa kabla ya turbo, zaidi ya tatizo la joto, shinikizo la huko hukuza kosa: mzito huonekana mzito zaidi na mwepesi huonekana mwepesi zaidi. Kwa gari la turbo, sentimita 45 hadi 60 baada ya turbo, kabla ya katalisti, ni mahali pazuri. Ikiwa mbali sana, karibu na mdomo wa bomba, gesi imepoa, jibu linachelewa, na hewa ya nje inaingilia.

La pili ni maji. Bomba la ekzosi hutoa mvuke unaoganda kuwa matone injini ikiwa baridi. Ncha ya sensa ni kauri inayopashwa hadi nyuzi zaidi ya 700. Tone moja likiigusa ikiwa moto, inapasuka. Ndiyo maana sensa hufungwa upande wa juu wa bomba, ikiinuka angalau nyuzi 10 kutoka kwenye mlalo, waya ukiwa juu na ncha chini ili maji yatiririke. Sensa iliyolala kwenye tumbo la bomba imeshahukumiwa. Ndiyo maana pia si vizuri kuwasha ufunguo, kuacha sensa ipashe kwa dakika nzima, kisha ndipo uwashe injini: pigo la kwanza hurusha maji yote yaliyolala bombani.

Kinyume chake nacho kinaua. Sensa iliyofungwa kwenye ekzosi bila umeme, injini ikitembea, hufunikwa masizi kwa sababu haina joto la kuyachoma. Kama kontrola imekwenda matengenezo, toa sensa na uzibe tundu kwa plagi ya M18 x 1.5, yaani kipenyo cha milimita 18 na milimita 1.5 kati ya jino na jino.

Kisha sumu. Petroli yenye risasi, oili inayopita kwenye ringi au sili ya turbo, maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi ya hedi, na silikoni ya kuzibia isiyoruhusiwa kwa injini zenye sensa. Itazame ncha: nyeupe kama chokaa hushtaki maji ya rejeta au silikoni, nyeusi yenye mafuta hushtaki oili, masizi makavu hushtaki mchanganyiko mzito. Wakati wa kufunga, paka dawa ya kuzuia kukwama kwenye meno tu, isifike kwenye ncha, na kaza kwa Nm 40 hadi 60.

Sensa ipi ununue? Soma kontrola yako inadai ipi, maana LSU 4.2 na LSU 4.9 hazibadilishani. Ya 4.2 huvuta hewa ya kulinganishia kupitia waya wake, kwa hiyo huyumba kadiri inavyozeeka na hutaka kusawazishwa kwenye hewa safi mara kwa mara. Ya 4.9 hujitengenezea rejea yake ndani, na mimi nisingenunua kontrola mpya inayotumia nyingine tofauti bila sababu nzito. Zote mbili zina kikinzani kidogo ndani ya plagi, kilichokatwa kiwandani kulingana na sensa hiyo moja. Ukikata plagi ili ulehemu waya moja kwa moja, umetupa usawazishaji wake, na hakuna geji itakayokuambia.

Mashaka yakizidi, ichomoe, iache ipashe kwenye hewa safi mbali na moshi. Inapaswa kwenda mwisho wa upande mwepesi na kukaa hapo. Ikibaki 15 au 16 angani, imekwisha.

Shinikizo la oili linatisha, au ni zuri mno

Sindano imeshuka hadi sifuri kwenye kona kisha ikarudi: zima mawazo ya geji, hiyo inaweza kuwa oili imekimbia mdomo wa pampu, na unatakiwa kuiamini mpaka uthibitishe vingine. Lakini sindano inayoruka kila unapowasha indiketa ni ethi. Oili haina habari na indiketa.

Usomaji ulio nusu au maradufu ya ulivyotarajia kwa kila hali, ikiwa baridi na moto, hutokana na geji na sensa zisizooana. Sensa nyingi za VDO huenda kutoka omu 10 hadi 180, na zipo za bar 5 na za bar 10. Ukifunga ya bar 10 kwenye geji ya bar 5, bar 4 za kweli zitaonekana 2. Sensa na geji zinunuliwe pamoja. Sensa za waya tatu, zinazolishwa volti 5 na kujibu volti 0.5 hadi 4.5, ndizo ninazozipendelea, kwa sababu hazitegemei bloku kuwa ethi. Zile za waya mmoja, watu wasiojua huzizungushia tepu ya kuzibia, tepu inazuia umeme, na geji inasoma upuuzi.

Angalizo kuhusu meno. Injini nyingi za Kijapani zina tundu la 1/8 BSPT, lenye meno 28 kwa inchi, ilhali geji nyingi huja na 1/8 NPT, meno 27. Zinashikana kwa mizunguko ya kwanza, zinakudanganya, kisha unakaza na kupasua nyumba ya pampu au kubaki na uvujaji usiokoma. Tumia adapta sahihi. Na usining'inize sensa nzito kwenye kiungo cha T moja kwa moja kwenye bloku. Mtetemo huvunja shingo na oili yote inamwagika. Iweke kwenye bodi na uiunganishe kwa hozi iliyosukwa kwa chuma.

Kama geji ya kiwandani haisogei kabisa, huenda ilitengenezwa isisogee. Kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, geji ya oili ilikuwa ya kweli mwanzoni, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikabadilishwa kuwa sindano inayosimama katikati maadamu kuna shinikizo lolote. Usiitumie kupinga geji mpya.

Joto linashuka ghafla wakati injini inachemka

Hii ni dalili moja ninayotaka kila mtu aijue kwa moyo. Sensa ya joto inapima vizuri ikizama kwenye maji. Maji yakipungua, inabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano inaweza kushuka huku hedi ikipinda. Joto likishuka bila sababu, hita ikapuliza baridi, simamisha gari mara moja. Wenye kuweka sensa ya kiwango cha maji au ya shinikizo la maji pamoja na ya joto hupata onyo mapema zaidi.

Geji inayobaki baridi siku zote baada ya kufunga adapta kwenye hozi ya juu ya rejeta haina ethi: mpira uko pande zote mbili za adapta. Vuta waya kutoka kwenye adapta hadi kwenye bloku.

Turbo na joto la ekzosi, kwa ufupi

Geji ya turbo inayosoma chini ya sifuri injini ikiwa imezimwa inapima kutoka usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ina karibu kPa 84 badala ya 101, kwa hiyo pengo la kPa 16 au 17 ni hewa ya mahali ulipo. Inayogota kwenye namba moja kila mara unapokanyaga pengine imefika mwisho wa sensa: sensa ya bar 3 zinazohesabiwa kutoka ombwe tupu huona bar 2 tu za turbo. Inayochelewa ina hozi ndefu au iliyobanwa. Hozi yake ianzie kwenye manifoldi baada ya throto, na usiikate ile ya regulata ya petroli wala ya wesgeti (vali inayodhibiti shinikizo la turbo), kwani ikivuja hapo tatizo la geji linakuwa tatizo la injini.

Geji ya joto la ekzosi inayoshuka bomba linapopata moto ina nyaya zilizogeuzwa. Themokapo, sensa ya joto ya geji hiyo, ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, kiasi kidogo sana, na kuungia waya wa kawaida wa shaba katikati huingiza kosa linalobadilika na joto la chumba cha injini. Urefushaji ufanywe kwa waya wa K peke yake.

Ukishathibitisha kwamba geji inasema kweli

Umeziba uvujaji, mstari ni sahihi, ethi ni safi, sensa imejibu vyema angani. Gia ya tatu, mguu chini, na kuanzia mizunguko 5,500 uwiano unapanda kutoka 11.6 hadi 12.8 turbo ikiwa na bar 1. Sasa iamini. Achia mguu, usirudie mbio kwa ajili ya kuhakikisha.

Jibu liko kwenye geji ambayo wengi huiacha mwisho, ya shinikizo la petroli. Chagua ya umeme, sensa ikiwa kwenye chumba cha injini, ili petroli isiingie kamwe ndani ya gari. Mifumo mingi yenye regulata kwenye reli huanza na bar 3 hozi ya regulata ikiwa imechomolewa, na kwa kila bar 1 ya turbo shinikizo linapaswa kupanda bar 1, kufika 4. Likifika 4 kisha likaanza kuporomoka mizunguko inapopanda, pampu haitoshi, filta imeziba, au pampu inapata volti 11 mahali pa 13.5; pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe gari likiwa kwenye mzigo. Likibaki 3 tangu mwanzo, hozi ya regulata imetoka au imepasuka. Likipanda na kukaa 4 sawasawa huku mchanganyiko ukizidi kuwa mwepesi, angalia kwenye rekodi muda ambao injekta zinabaki wazi. Ukiona zimevuka asilimia 90, zimefika mwisho wake, na turbo irudishwe chini mpaka injekta kubwa zifungwe.